Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam: mahali pa kumpeleka mtoto anayeuliza kabila lake

Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila ya Tanzania, kipo kando ya Barabara ya Bagamoyo, na kwa abiria wa daladala hakipotei, kwa kuwa kituo kizima kimechukua jina lake. Nilikwenda na mke wangu, ambaye ni Mhaya, pamoja na wanetu wawili, ambao baba yao, yaani mimi, ni Mgogo na lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili tangu walipoanza kusema.

Tulianza na tembe, nyumba ya Wagogo. Nikawaonyesha watoto paa lake bapa la udongo, nikawaeleza kwamba Ugogo ni nchi kame, na kwamba juu ya paa kama hilo bibi yangu alikuwa akianika mtama. Huku pwani masika moja tu hutosha kulilegeza paa la namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kuzitunza nyumba hizi inastahili heshima kubwa. Kwenye msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, mke wangu aliinama mlangoni, akanyamaza kidogo, kisha akasimulia jinsi sakafu ilivyotandikwa nyasi na mgeni akakaribishwa kwa buni za kutafuna.

Binti yetu akauliza nyumba yake ni ipi. Nilimjibu kuwa ni zote mbili, naye akauliza, "Na ya Wazaramo je?", kwa kuwa amezaliwa Temeke.

Swali hilo ndilo linalonifanya nikipende Kijiji hiki. Kilifunguliwa mwaka 1967, mwaka ambao sensa ya Tanzania ilimwuliza mwananchi kabila lake kwa mara ya mwisho, na uchifu ulikuwa umekwisha kuondolewa tangu 1963. Serikali iliyotaka watu wahesabiwe kuwa Watanzania iliacha nyumba zao zisimame hapa kwa majina ya makabila yao, nami nauona uamuzi huo kuwa wa busara: kabila lilibaki kwenye chakula, ngoma na utani, likaondolewa mahali panapogawiwa madaraka.

Hata hivyo, nyumba moja haiwezi kubeba kabila zima. Wagogo wengi leo wanaezeka kwa bati, na mzazi asipolisema hilo, mtoto anaweza kudhani kwamba Ugogo ni jambo la watu wa kale. Anayetaka kuwaona wenyewe afuatilie Siku za Utamaduni wa Mtanzania, ambapo jamii moja hualikwa kuonyesha mapishi, ngoma na mila zake.

Tengeni saa mbili, na ikiwezekana nendeni na mzee. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Bukoba mwezi wa Desemba, nasi tutarudi naye, maana kuna sehemu za ule msonge ambazo hata mke wangu hakuweza kuzieleza.