Remmy Ongala: albamu ipi ni yeye hasa?

Ukienda kuingiziwa nyimbo za mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala kwenye flashi pale Mwanga, Kigoma, usiseme tu "niwekee Dokta Remmy." Utapewa mchanganyiko usio na kichwa. Taja albamu.

Anza na Nalilia Mwana (1988). Huyu ndiye Remmy wa Super Matimila, bendi yake, mwenyewe: magitaa yanapishana bila haraka, sebene (kipande cha magitaa cha kuchezea) inaachiwa muda wake, na Kiswahili chake cha mtoto wa Kindu, Kongo, hakijanyooshwa na mtu. Sauti ina mkwaruzo. Punguza trebo, besi iache ilivyo.

Songs for the Poor Man (1989) ilirekodiwa Uingereza, studio za Real World. Ni safi mno, kila gitaa unalifuata peke yake, na Kipenda Roho haichoshi. Joto la ukumbini tu ndilo limepungua. Mambo (1992) ina Kiingereza kingi, na humo mafumbo yake yanakosa makali (No Money, No Life inachekesha, lakini).

Kataa faili la kilobiti 64 kwa sekunde, lililobanwa mno: matoazi yanageuka mvumo. Omba 192 kwenda juu, kisha ruka hadi mwisho wa wimbo kabla hujalipa. Nyingi hukatwa sebene ikikolea.