Akaunti za akiba kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 Kigoma mjini: ipi inafaa, ipi inakula fedha

Mwanafunzi wa sekondari anayeweka sh 2,000 kila wiki hufikisha sh 104,000 kwa mwaka. Akaunti yoyote ya kijana ipimwe kwa kiasi hicho, siyo kwa mamilioni yanayoonyeshwa kwenye mabango ya benki. Riba ya akaunti za akiba za kawaida hapa nchini imekuwa karibu na asilimia 3 kwa mwaka. Kwa kuwa fedha inaingia kidogo kidogo, wastani wa salio la mwaka mzima ni kama sh 52,000, na riba yake ni sh 1,560. Ikitolewa kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo benki huikata kwenye riba, kijana anabakiwa na sh 1,404. Akaunti hiyohiyo ikiwa na ada ya uendeshaji ya sh 1,000 kwa mwezi, sh 12,000 zinaondoka kwa mwaka, na VAT ya asilimia 18 juu yake inafanya ziwe sh 14,160. Yaani anayeweka akiba anamlipa benki mara kumi ya anachopata.

Kwa hiyo ukifika kwenye dawati la huduma kwa wateja, riba iulizie mwisho. Anza na ada ya mwezi, kisha makato ya kutoa fedha kwenye ATM, dirishani na kwa wakala, kila moja peke yake, kwa kuwa hayalingani. Uliza pia kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki kwenye akaunti. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanafungua akaunti kwa sh 5,000, wanarudi kutoa sh 3,000, wanaambiwa salio halitoshi. Omba uonyeshwe jedwali la makato lililochapishwa, na uangalie kama viwango vyake vimejumuisha VAT. Jibu la mdomo halitoshi.

Kwa umri huu, majina mawili yanayokutana na mzazi mara nyingi ni Chipukizi ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB. Zote ni akaunti za vijana, ila zimejengwa kwa mahitaji tofauti.

Chipukizi imetengwa kwa miaka 13 hadi 17, ndani ya mpango wa NMB uitwao Wajibu, ambao una Mtoto Akaunti kwa wadogo na Mwanachuo kwa waliofikisha miaka 18. Nguvu yake ni kwamba inamlenga kijana mwenyewe: yeye anajifunza kuitumia, mzazi anasimamia. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayetoka Ujiji au Gungu na kupita Mwanga karibu kila siku, huu ndio mfumo tunaoupendekeza. Kabla ya kusaini, uliza kikomo cha kutoa kwa siku na ombeni kiwe kidogo. Kikomo kidogo kinalinda akiba kadi ikipotea, na kinalinda pia siku ambayo marafiki wameona salio.

Junior Jumbo inaendeshwa na mzazi au mlezi kwa niaba ya mtoto. Inafaa kwa fedha yenye kazi maalumu, kama ada na mahitaji ya kidato cha tano, ambayo haitakiwi kuguswa hadi tarehe yake. Upungufu wake kwa kijana wa miaka 16 ni wazi: haimpi nafasi ya kuamua. Akiba ambayo mwenyewe haioni wala haigusi haimfundishi kupanga. Familia ambazo hazitaki riba kwa sababu za dini ziulizie dirisha la Al Barakah la benki hiyohiyo, na ziulize mapema faida inagawanywaje.

Watu wengi wa hapa huanza na salio la simu, na tunawaelewa, maana wakala yuko kila kona kuanzia stesheni hadi sokoni. Lakini laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na NIDA huandikisha waliotimiza miaka 18. Laini ya kijana mara nyingi iko kwa jina la mzazi au la kaka, na kwa kumbukumbu za kampuni, fedha iliyomo ni ya aliyesajiliwa. Likitokea la kutokea, kijana hana cha kuonyesha. Simu itumike kama njia ya kupitishia fedha kwenda benki, basi.

Mwanafunzi wa bweni hesabu yake ni nyingine. Shuleni simu hairuhusiwi, hivyo menyu za *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB zinabaki mikononi mwa mzazi. Anayepelekwa Tabora anahitaji akaunti ambayo ina tawi au ATM huko, na kadi yenye kikomo. Akaunti ya benki ndogo yenye tawi Kigoma pekee itamlazimu asubiri likizo.

Nyaraka ni chache, na kinachorudisha watu nyumbani ni majina. Beba cheti cha kuzaliwa cha kijana, picha za pasipoti za kijana na za mzazi, namba ya NIDA ya mzazi yenye tarakimu 20, na kitambulisho cha shule au barua ya mkuu wa shule. Baadhi ya matawi hutaka na barua ya serikali ya mtaa. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kutoka: cheti kikisema Zuhura Ramadhani na shule ikiandika Zuhra Ramadhan, ofisa atasimamisha fomu hapohapo. Tofauti ndogo kama hiyo hutatuliwa kwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Mlezi asiye mzazi aulize mapema anatakiwa kuthibitisha ulezi kwa karatasi gani.

Mkishafungua, ijaribuni. Weka sh 10,000 kwa wakala na subiri SMS hapohapo. Wakala asipotoa risiti au SMS isipoingia, usiondoke dirishani kwake. Baada ya siku chache toa sh 2,000, uone ni kiasi gani kimekatwa. Mwisho wa mwezi omba taarifa fupi ya akaunti na uilinganishe na jedwali la makato. Mkiona makato msiyoyaelewa, andikeni malalamiko kwenye tawi kwanza na mbaki na nakala yenye mhuri. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinampa mteja haki ya kupeleka suala Benki Kuu akishindwa kusikilizwa na benki yake.

Neno kwa familia zinazotegemea mwalo wa Kibirizi. Benki hupenda agizo la kudumu, fedha ihame kutoka akaunti ya mzazi kila tarehe moja. Kwa mshahara wa serikali ni sawa. Kwa kipato cha dagaa haifai, kwa sababu fedha huja wakati wa giza, yaani usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika. Tarehe ya agizo ikiangukia kwenye mbalamwezi, akaunti inakutwa tupu, na benki nyingine hutoza kwa agizo lililoshindikana. Wekeni kwa mkono kila giza linapoisha, hata kama kiasi kinabadilika.

Usalama wa fedha yenyewe usiwape hofu. Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi sh 7,500,000 kwa mwenye amana benki ikifungwa, kiwango kilichopandishwa kutoka sh 1,500,000. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja, kwa hiyo bima hiyo siyo pambo. Upatu na vikoba haviko chini yake. Hatari iliyo karibu zaidi ni namba ya siri kuambiwa mtu, na zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Jambo la mwisho la kuuliza ni nini kinatokea kijana akitimiza miaka 18. Akaunti hubadilishwa kuwa ya mtu mzima na kwa hilo anahitaji namba yake ya NIDA. Kigoma ni mkoa wa mpakani na uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda, kwa hiyo aende kujiandikisha mara tu anapotimiza umri, na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi.