Kabla hujanunua pipa la maji, uangalie kwanza mfuniko

Februari iliyopita niliamka kupika uji kabla hakujapambazuka. Nikachota maji kwenye pipa, nikabandika sufuria, nikamulika kwa simu nione kama yametosha. Viluwiluwi. Vilikuwa vingi, vinakata viuno ndani ya sufuria kama viko kwenye sindimba. Nilimwaga yale maji, nikaenda kumulika pipa lenyewe. Lita 200 za maji ya mvua nilizokinga kwa mikono yangu, usiku, nimejifunga kanga kichwani, zote zimegeuka kitalu cha mbu.

Pipa lile nililinunua Novemba kwa shilingi 60,000. La buluu, zito, halina ufa. Muuzaji alinihakikishia, "Mfuniko upo, dada, wala usiwe na wasiwasi." Akachomoa mfuniko kwenye rundo, akauweka juu ya pipa, akaupiga kofi mara mbili. "Si unaona?" Niliona. Kosa langu ni kwamba sikuuinua. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua ni mfuniko wa pipa jingine: upande mmoja umekaa, upande wa pili umenyanyuka, vidole viwili vinapita. Ile bangili ya chuma ya kubania mfuniko haikuwepo kabisa. Nikarudi. Akaniambia bangili inauzwa peke yake, buku tano, na kwa siku hiyo hana.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na lita wala rangi wala unene wa plastiki. Hayo kila mtu anayaangalia. Mimi naanza na mfuniko, na ukinichosha namaliza na mfuniko.

Aliyezoea bomba linalotoka kila siku ataona nakuza mambo. Lakini huku kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ardhi ni ya mchanga, inanywa mvua na kuizamisha chini. Huoni mto ukipita uwandani. Bibi yangu alikuwa anashuka bondeni kufuata maji na kupandisha mtungi kichwani. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, kule bonde la Kitangari, na pampu ikinyamaza na sisi tunanyamaza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mikorosho iishe kuzaa. Anayechota leo na kumaliza kesho anaweza kufunika ndoo kwa sinia. Sisi tunaweka maji kama watu wanavyoweka mahindi ghalani, na ghala halifungwi kwa sinia.

Mbu haombi nafasi kubwa. Anataga kwenye maji yaliyotulia, na kwa joto letu, toka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja hadi siku kumi. Ukiambiwa "mwaga maji kila wiki", ujue mshauri hajawahi kununua maji ya dumu mwezi wa kumi. Na si mbu peke yake. Mwanga ukiingia, maji yanaota ukijani na kuta zinateleza. Mjusi anaingia. Panya, sitaki kusimulia.

Sasa nipange.

Namba moja kwangu ni Simtank, na sijalipwa na mtu kusema hivyo. Tuna moja ya lita 500 pale kwa mama mkwe, ya siku nyingi, na mfuniko wake bado unakaa mahali pake kama siku ulipotoka dukani. Plastiki ni nyeusi, mwanga haupiti, maji hayaoti kijani. Unachota kwenye koki chini, kwa hiyo mfuniko unaweza kukaa mwezi mzima haujaguswa. Hapo ndipo tangi linapolishinda pipa. Pipa zuri lenye mfuniko mzuri bado unalifungua mara kumi kwa siku, na mara ya sita ni mtoto kalifungua, na mtoto harudishii.

Tatizo ni kwamba jina la Simtank limekuwa jina la kila tangi jeusi. Ukiingia dukani ukasema "nataka simtank", utapewa chochote cheusi cha mviringo, kwa bei ya Simtank. Soma jina lililoandikwa ubavuni mwa tangi. Kama halipo, au lipo jina jingine, basi hilo ni tangi jingine. Huenda ni zuri, lakini bei ijadiliwe upya. Panda juu, au mpandishe kijana, ufungue na kufunga mfuniko mwenyewe mara tatu. Muuzaji atakuna kichwa. Muache akune.

Lita ngapi? Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya bati yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 8 ina mita 48 za mraba, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya usiku mmoja tu, inaleta lita 960. Toa zinazoruka pembeni na zinazovuja kwenye magata, bado utakuwa na zaidi ya 700. Maana yake tangi la lita 500 linajaa usiku mmoja na nyingine unazitazama zikienda shambani kwa jirani. Ukiweza, lita 1,000. Ila kumbuka lita 1,000 ni tani nzima ya maji, kwa hiyo lijengee kitako cha tofali kilicho sawa, tangi likae lote, lisininginie pembeni. Na mvua ya kwanza baada ya ukame, iache ioshe paa kwanza, usiikinge. Vumbi la miezi sita na vinyesi vya ndege viko humo.

Namba mbili ni pipa la buluu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapopigwa.

Mapipa haya ni ya aina mbili. Kuna la mdomo mpana, ambalo limezaliwa na mfuniko wake na bangili ya chuma yenye kikomeo. Na kuna lililozibwa juu, lenye vitundu viwili vyenye vizibo vya kuzungusha. Hili la pili wauzaji wanalikata juu kwa msumeno, wanalisugua kingo, wanaliuza kama la mdomo mpana. Pipa lililokatwa halina mfuniko duniani. Halikuzaliwa nao. Chochote utakachowekewa juu ni cha kuazima. Utalijuaje? Pitisha kidole kwenye mdomo: la asili lina ukingo mnene, wa mviringo, unaoshika bangili. Lililokatwa lina makali, na mara nyingi mstari wake unapanda na kushuka kama barabara ya Masasi ya zamani.

Ukipata la mdomo mpana, mwambie muuzaji alifunge kwa bangili mbele yako, kisha shika mfuniko kwa mikono miwili uvute juu. Pipa linyanyuke pamoja na mfuniko. Mfuniko ukibaki mkononi, mwachie.

Jambo la pili ni lilibeba nini kabla. Ile pembetatu yenye namba 2 chini inakwambia plastiki ni ya aina gani, haikwambii ndani kulikuwa na nini, usidanganywe nayo. Tafuta karatasi ubavuni. Ukiona picha ya fuvu, au ya mti mkavu na samaki aliyekufa, ondoka bila kuaga. Ukiona karatasi imekwanguliwa yote hadi gundi, na mwenye mali anasema "lilikuwa na juisi", mwulize kwa nini juisi ifichwe. Jaribio langu: omba maji ya moto hata lita moja, mimina ndani, funga, lizungushe kwenye jua kwa saa nzima, halafu fungua uingize pua. Plastiki inakumbuka. Likinuka sabuni litaosheka. Likinuka kama dawa, hata ukiliosha mara saba halifai kwa maji ya kunywa. Sisi wa mikorosho tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, maana dawa za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na za wadudu tunaishi nazo, na bado nimeona dumu la dawa ya mikorosho likitekewa maji ya kunywa kwa sababu tu "limesuuzwa vizuri".

Na wewe ambaye tayari unalo la kukatwa kama langu? Chukua kipande cha chandarua chakavu ambacho hakina matundu, tandika juu ya mdomo mara mbili, kisha zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, uvute mpaka uimbe. Mfuniko wa kuazima unakaa juu ya chandarua kuzuia mwanga na vumbi. Mbu hapiti. Mimi nimetoboa na koki chini, vidole vinne juu ya kitako ili mashapo yabaki: chuma cha moto, washa ya mpira ndani na nyingine nje, nati ikazwe kwa mkono. Tangu hapo chandarua sikifungui ila siku ya kuosha.

Namba tatu ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, kwa maji ya kunywa. Zilizotoka kwenye mafuta ya kupikia zina mfuniko bora kuliko nyingi zinazouzwa mpya dukani. Zile mpya, mkono unang'oka masikio kabla ya Pasaka na mfuniko unakaa kama kofia ya mgeni. Za rangi ya nyumba sizitaki, hata kama fundi ni shemeji yako. Tena mafundi wanazichana mfuniko kwa kisu wakifungua.

Dumu la njano la lita 20 ni la kubebea, si la kuhifadhia. Mkono hauingii ndani, unabaki kuliosha kwa mchanga na kokoto na kulitingisha. Na kizibo chake kinapotea wiki ya pili. Nusu ya madumu ya mtaa wetu yamezibwa kwa gunzi la muhindi. Zamani ulikuwa unakaza kizibo kwa kipande cha mfuko, lakini toka Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hata hicho kipande ni cha kutafuta.

Diaba ni la kufulia. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri, ufunike kwa kawa, basi.

Niseme na la bei, maana linanikera. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na watu wakaanza kulipwa, kila kitu chenye uwezo wa kushika maji kinapanda bei. Pipa lilelile lililokaa juani toka Juni bila mtu kuliuliza, Novemba lina bei mpya. Ukimwuliza mwenyewe anakwambia "mzigo umepanda huko Dar". Mzigo gani? Nimelizoea pipa lako, kaka, nalipita kila siku nikienda sokoni, lina hata kinyesi cha kuku kilekile. Mwenye akili ananunua Juni au Julai, wakati mfukoni hamna mtu kitu na muuzaji anapunguza mpaka huruma inakujia. Ubaya ni kwamba Juni hata mimi sina. Mwaka huu kikundi chetu cha vikoba tumekubaliana mzunguko wa Juni uwe wa matangi tu: wawili wananunua kwa mkupuo, wanakodi gari moja kutoka Mtwara mjini, nauli wanagawana. Nauli ya tangi ni wizi peke yake, unalipia kubebewa hewa. Zamu yangu ni mwaka kesho.

Jumamosi nilipita kwa yule muuzaji na ule mfuniko wake kwapani. Sikutaka hela, wala sikuwa na hasira tena. Nilitaka tu autambue. Aliutambua. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufuta vumbi na shati, akanishukuru sana, dada asante. Nilipokuwa navuka barabara nikageuka. Kulikuwa na mama mmoja amesimama mbele ya pipa la buluu. Kaka yetu akauweka ule mfuniko juu yake, akaupiga kofi mara mbili.

Nikarudi kumwambia auinue.