Tahadhari: bunduki ya upepo «mpya» inayotoa moshi mbele ya kipima kasi

Ndugu wapenda shabaha, ninaandika tahadhari hii kwa sababu katika miezi michache iliyopita watu watatu, mimi mwenyewe nikiwa mmojawapo, tumeuziwa bunduki za upepo na vifaa vyake na muuzaji yule yule, kwa mbinu ile ile, na kila mmoja wetu alirudi nyumbani akiamini kwamba ameokota dodo chini ya mnazi. Jina lake silitaji, kwanza kwa kuwa hulibadilisha kila anapobadilisha namba ya simu, na pili kwa kuwa mbinu hizi hazikuanzia kwake wala hazitaishia kwake. Atakayezifahamu atamtambua hata akijitokeza kwa jina jingine.

Mtu huyu huuza namba. Hazungumzii usahihi wa mtutu wala ulaini wa kifyatulio. Neno lake la kwanza ni mita kwa sekunde, la pili ni ukuzaji wa darubini, la tatu ni shinikizo la mtungi. Siku niliyomtembelea alikuwa ameandaa kila kitu mezani: bunduki ya springi ya milimita 4.5 (huo ni upana wa tundu la mtutu), ile aina ambayo mtutu hukunjwa chini ili kuikoki, darubini ikiwa imeshafungwa juu yake, makopo mawili ya peleti, yaani vile vipande vidogo vya metali vinavyorushwa na bunduki hizi, na kipima kasi kimewashwa kinasubiri. Alipakia peleti kwa mkono wake, akanikabidhi nifyatue kupita juu ya kipimo. Namba ikasoma 305. Mlio ulikuwa mkali kama mjeledi, mdomo wa mtutu ukatoa uzi mwembamba wa moshi, na hewa ikajaa harufu ya kikaango kilichosahauliwa motoni. Nilipomwuliza kuhusu ule moshi, alitabasamu tu: «Ndugu yangu, bunduki mpya lazima itoe moshi kidogo, hiyo ni grisi ya kiwandani inajimaliza.»

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba nusu yake ni kweli. Katika bunduki ya springi, pistoni inayosukumwa na springi hubana hewa kwa ghafla kiasi cha kuipandisha joto sana, na kama ndani ya silinda kuna mafuta, mafuta hayo huwaka yenyewe, kama yanavyowaka ndani ya injini ya dizeli. Bunduki iliyotoka kiwandani huweza kweli kutoa moshi katika mifyatuo ya mwanzo, mpaka mabaki ya grisi yaishe. Anachofanya muuzaji wetu ni kudondosha tone la mafuta ndani kabla mteja hajafika, hivyo peleti haisukumwi na hewa peke yake bali na mlipuko mdogo wa mafuta, na kipimo husoma kasi ambayo bunduki hiyo haitaifikia tena. Wakati huohuo moto huo huunguza sili ya pistoni, yaani kizibo kinachozuia hewa isivuje, na kuilazimisha springi kupokea kishindo ambacho haikutengenezwa kukipokea. Yaani onyesho lenyewe ndilo linaloiua bidhaa unayoonyeshwa.

Dalili ilikuwepo mbele ya macho yangu, ila sikuisoma. Mfyatuo wa kwanza ulitoa 305, wa pili 281, wa tatu 312. Bunduki ya springi iliyo salama hutofautiana kwa mita chache tu kutoka mfyatuo mmoja hadi mwingine. Namba zikianza kurukaruka namna ile, ujue kuna kitu kinaungua ndani. Dalili nyingine ilikuwa mkono wangu wenyewe. Tufanye hesabu: peleti ya kawaida ya gramu 0.55 ikienda mita 305 kwa sekunde hubeba nguvu ya karibu jouli 25.6, na hiyo ni nguvu ya bunduki kubwa za springi, zile ambazo kuzikoki kunakutoa jasho. Ile niliyoishika nilikuwa naikoki kwa mkono mmoja huku tukiongea. Nilipomwomba anionyeshe peleti aliyokuwa akipakia, alikuwa amekwisha kufunga kopo. Baadaye mwenzangu mmoja alifanikiwa kubaki na moja: ilikuwa ya aloi nyepesi, gramu 0.33 kwenye mizani ya sonara, wala haikuwa ya madini ya risasi kama zile zilizokuwa kwenye makopo tuliyouziwa, na peleti nyepesi huruka kwa kasi zaidi.

Nisisitize pia kwamba hata kama namba ile ingekuwa ya kweli, isingekuwa sifa. Peleti inapokaribia kasi ya sauti, yaani karibu mita 340 kwa sekunde, huanza kuyumba na kutawanyika. Katika mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, ambayo yamo kwenye Michezo ya Olimpiki tangu Los Angeles mwaka 1984, alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita, na wanaoipiga hutumia bunduki zinazorusha peleti kwa kasi ya karibu mita 170 tu. Anayekushawishi kwa kasi peke yake anakuuzia kelele.

Nyumbani, nikiwa na peleti zangu na kipima kasi nilichoazima, bunduki ilisoma 205, na baada ya wiki moja ikashuka hadi 160. Kila nilipofyatua kulisikika mlio kama wa kitanda cha springi kilichochoka. Fundi alipoifungua, tulikuta springi imekatika vipande viwili karibu na ncha, ukingo wa sili umeungua hadi kuwa mweusi na mgumu, na vichwa vya parafujo vimeliwa na bisibisi kisha vikapakwa wino mweusi kufunika makovu. Wino ule ulitoka kwa kidole kilicholowana. Bunduki «mpya» ilikuwa imefunguliwa, pengine zaidi ya mara moja, kabla ya kuwekwa ndani ya boksi jipya.

Darubini ilikuwa na kisa chake. Wengi hatujui kwamba bunduki ya springi hupiga teke mara mbili: kwanza kurudi nyuma pistoni inapoondoka, halafu mbele pistoni inapofika mwisho. Teke hilo la pili huvunja darubini ambazo zingedumu miaka kwenye bunduki ya baruti, na ndiyo maana mtu makini hununua darubini iliyoandikwa waziwazi kwamba inahimili bunduki za springi. Yangu ilivumilia mifyatuo kama sitini, kisha msalaba wa kulengea ukalala upande. Isitoshe, ilikuwa imerekebishwa kwa umbali wa mita 91, kama zilivyo darubini nyingi za bunduki za baruti, kwa hiyo karatasi iliyokuwa mita 10 mbele yangu niliiona kama naitazama kupitia maji, na nukta ya kulengea ilihama kila niliposogeza jicho. Mbavuni iliandikwa 3-9×40, maana yake kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Kwa nje ni kweli. Lakini weka ukuzaji kwenye 8, ishike darubini mbali na uso huku imeelekezwa kwenye mwanga, kisha pima kwa rula kile kiduara cha mwanga kinachoonekana kwenye kioo cha nyuma: 40 gawanya kwa 8 ni milimita 5. Changu kilikuwa 3, kwa sababu ndani kulifichwa pete inayoziba kioo. Ni kipimo cha dakika moja ambacho muuzaji hawezi kukipaka wino.

Kuhusu peleti nitakuwa mfupi. Makopo yalikuwa na lebo ya kampuni inayoheshimika, ila lebo ilibandikwa juu ya lebo nyingine. Nilipozipima moja moja uzito ulicheza kati ya gramu 0.49 na 0.58, na nyingi zilikuwa na sketi zilizobonyea, yaani ule ukingo mwembamba wa nyuma unaotakiwa kutanuka na kuziba mtutu. Kama nyongeza ya bure alinipa pakiti ya gololi za chuma akisema ni «peleti za kudumu». Msizitumie kwenye mtutu uliotengenezewa peleti laini: chuma kinakwangua mifereji ya ndani ya mtutu, na gololi ikigonga kitu kigumu inaweza kurudi moja kwa moja usoni kwa aliyefyatua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike leo badala ya kumeza hasara yangu kimya kimya. Mwenzetu wa tatu aliuziwa bunduki ya mtungi, ile inayojazwa hewa ya shinikizo kubwa kabla ya kutumiwa, pamoja na mtungi wa akiba wa kujazia. Mtungi wa aina hiyo hupigwa mhuri shingoni unaoonyesha shinikizo la kufanyia kazi na tarehe ya kupimwa, na katika nchi kadhaa hutakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka 5. Wa kwake ulikuwa umepakwa rangi nzito hadi mhuri ukajaa, na alipokwangua kwa ukucha akakuta tarehe imesagwa kwa tupa. Bunduki yenyewe alipoijaza hadi bar 200 jioni, asubuhi geji ilisoma 120. Haya yote bado ni hasara ya fedha. Kilichonitisha ni ushauri aliopewa na muuzaji alipolalamika kwamba hana pampu: aende kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, wamjazie oksijeni.

Tafadhali, mtu yeyote asithubutu. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na grisi au mafuta yaliyomo kwenye vali inaweza kuwaka bila cheche yoyote, na bunduki inageuka bomu lililoegemezwa shavuni. Bunduki hizi hujazwa hewa safi na kavu tu, kutoka kwenye pampu ya mkono, kompresa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au mtungi wa wapiga mbizi uliojaa hewa ya kawaida. Muuzaji anayemshauri mteja asiyejua ajaze oksijeni hana tofauti na anayeuza dawa bila kujua kipimo chake, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko springi iliyokatika.

Kauli yake nyingine ya kuogopwa ni kwamba bunduki ya upepo «haihitaji karatasi yoyote popote». Si kweli. Uingereza, kwa mfano, bunduki ya upepo inayozidi futi-pauni 12, karibu jouli 16.3, inahitaji cheti kama silaha za moto. Ujerumani, zinazouzwa kwa watu wazima bila kibali ni zile zisizozidi jouli 7.5, zenye herufi F ndani ya pembetano. Kila nchi ina kanuni yake, na nyingine ni kali zaidi ya hizo. Waulizeni wanaohusika na silaha mahali mlipo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu itakapokamatwa bila kibali, aliyekuuzia hatakuwepo.

Ukilazimika kununua kwa mtu usiyemjua, nenda na peleti zako, karatasi yako ya shabaha na miwani ya kukinga macho, na uombe kupiga mara kumi kwa umbali wa mita 10 kabla ya kuzungumzia bei. Kabla ya hapo hakikisha haijapakiwa, kisha ushike mtutu uutikise kidogo mahali unapokunjwa. Mtutu haupaswi kuchezacheza. Usikubali afyatue bunduki ya springi ikiwa tupu ili kukusikilizisha mlio, kwani pistoni isiyo na peleti mbele yake haina mto wa hewa wa kuipokea na hugonga chuma kwa chuma. Bunduki ya mtungi iombe ijazwe na ilale usiku mmoja, kesho yake usome geji. Muuzaji wetu alikuwa na jibu kwa kila ombi la aina hii: nafasi haitoshi, majirani watalalamika, kuna mteja mwingine njiani na tayari ametuma malipo ya awali. Dhamana yake ya miezi sita nayo ilikufa pale fundi wangu alipolegeza parafujo ya kwanza, kwa maelezo kwamba «umeshaifungua».

Baada ya majibizano ya wiki tatu alikubali kuichukua bunduki na kunirudishia chini ya nusu ya fedha zangu. Juzi nimeiona tena katika tangazo jipya, kwa jina jipya na namba mpya ya simu, ikielezwa kuwa haijawahi kutumika na inatoa mita 320. Picha ya tatu imepigwa karibu sana, na parafujo ya nyuma ya kifyatulio ina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Mkwaruzo huo niliutia mimi mwenyewe, bisibisi iliponiteleza nilipokuwa nikiifunga ili nimrudishie.