Sensa ya boya kwenye tangi la maji la lita 200: uzoefu wangu

Niliyofunga kwenye boti ya matanga ni sensa ya mrija wa chuma cha pua, wenye boya linalopanda na kushuka, na geji ya volti 12. Tangi liko chini ya kitanda, kina chake sentimita 42. Sensa ina sentimita 40 ili isiguse kitako cha tangi.

Kabla ya kununua, angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme ambacho geji husoma kutoka kwenye sensa. Sensa za Ulaya husoma 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za Marekani husoma 240 tupu na 33 likijaa. Ukichanganya, geji itakuambia tangi limejaa wakati maji yamekwisha.

Alama ya nusu nayo usiiamini. Tangi hufuata ubavu wa chombo, juu pana, chini jembamba. Langu likisoma nusu zimebaki lita 70 tu. Toa maji yote, kisha mimina dumu la lita 20 moja moja, acha yatulie, andika sindano ilipofika. Madumu kumi, alama kumi kwenye utepe kando ya geji. Fanya hivyo chombo kikiwa kimetia nanga, na usome hivyohivyo kila siku, maana kikilala kwa upepo maji hukimbilia demani, upande kilikolalia, na sindano huongopa. Sindano yenyewe huruka: swichi za ndani ya mrija zimeachana milimita 21, na huku juu kila mruko ni zaidi ya lita 10.

Adui mkubwa ni ukoko. Maji ya visima vya matumbawe yana chokaa kama unayoiona kwenye birika, na boya hukwama. Fungua skrubu tano, loweka mrija kwenye siki usiku kucha. Matundu ya skrubu hizo hayajaachana sawa, kwa hiyo weka alama ya peni kabla ya kuchomoa. Kagua pia waya wa hasi: kiungo kikiota kutu ya kijani omu huongezeka, na sensa ya Ulaya itaonyesha maji usiyokuwa nayo.

Nimeongeza mita ya kuhesabu lita, baada ya pampu na chujio (mchanga huisimamisha). Ni sahihi zaidi, ila koki inayodondosha tone tone haizungushi gurudumu lake. Hesabu za mita na geji zikiachana, funga koki zote usiku usikilize pampu. Ikinguruma yenyewe, kuna mahali panavuja: pekua ngama, kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika.

Nyota 4. Moja nimeikata kwa sababu karatasi ya maelekezo haitaji omu popote.