Zoom G1X Four kwa mpiga sebene: uzoefu wangu wa kuiprogramu kuanzia sifuri

Wakuu, maana kila nikipiga sehemu lazima mtu aje mwisho wa shoo kuuliza kale ka-Zoom ninakokanyaga, kidude cha kubadilisha sauti ya gitaa, kanatoaje ile sauti, basi leo naandika yote hapa ili nikiulizwa niwe nawatumia hii tu.

Mi napiga solo kwenye bendi ya dansi. Harusi, baa, kumbi za kawaida, na Jumapili nakuwa kwaya. Kwa hiyo kama we ni mtu wa metal au roki nzito review hii haitakusaidia sana, tena we kwako hiki kidude ni rahisi zaidi kwa sababu kimetoka kiwandani kikiwa kimeshapangwa kwa ajili yako. Sisi wa sebene ndo tunaanza kazi upya.

Kifupi ni hivi. G1X Four ilitoka 2019, ndugu yake ni G1 Four ambayo haina pedali ya mguu pembeni, ndani ni mashine ileile. Ina efekti zaidi ya 60 na amplifaya za kuigiza, unaweza kuunganisha efekti tano kwa wakati mmoja, na memori zake, yaani sauti ulizozipanga na kuzihifadhi, ni 50. Gitaa likiingia inaligeuza kuwa namba, mara 44,100 kila sekunde, hesabu zote zinafanyika kwenye namba hizo halafu ndo inarudishwa kuwa sauti. Ndo maana kidude kidogo hivi kinabeba dilei (inarudia noti kama mwangwi), korasi (inafanya gitaa moja lisikike kama mengi), kompresa na amp bila kuwa na sanduku la pedali na waya mia.

Sasa ukiifungua tu ukachomeka gitaa, memori za mwanzo ni madistoshen, zile sauti za kukwaruza, na mamwangwi marefu kama uko pangoni. Vijana wengi wanaishia hapo, wanasema aah hii ya roki hii, wanaiuza. Aisee usiiuze. Nenda kwenye memori moja usiyoihitaji, ondoa kila kitu mpaka ibaki tupu, gitaa lisikike kavu kabisa, halafu anza kujenga. Na kabla ya hapo ingia kwenye menyu uzime ile ya kusevu yenyewe, maana ikiwa imewashwa kila nobu (kitufe cha kuzungusha) unayogusa inaandikwa hapohapo, mtoto akipita akachezea nobu sauti yako imeshabadilika na hakuna wa kukuambia.

Mnyororo wangu wa sebene ni huu: kompresa, amp, korasi, dilei, riverbu (ule mvumo wa ukumbi). Kwa mpangilio huohuo. Kompresa inakaa mbele kwa sababu sebene ni noti nyingi za haraka, kidole kimoja kina nguvu kingine dhaifu, kompresa inazileta zote usawa mmoja na noti inadumu kidogo bila kuongeza volumu. Usiibane sana lakini, ukiibana mpaka mwisho gitaa linapoteza ule mlio wa ukucha kwenye waya na sebene bila huo mlio limekufa. Amp natumia ile iliyoigizwa kwa Fender Twin Reverb, kwenye skrini inaandikwa FD TWNR, geni (nguvu ya gitaa linapoingia kwenye amp) chini kabisa, besi nimepunguza, trebo imepanda kidogo. Pale kwenye amp ndo wengi wanakosea, wanaweka geni nusu "ili sauti iwe na nguvu" halafu wakipiga nyuzi mbili pamoja inakuwa matope.

Korasi ndo ule utamu wa soukous, ile dansi ya Kikongo, ya Paris miaka ya 80, akina mpiga gitaa Diblo Dibala na mwimbaji Kanda Bongo Man, gitaa linang'aa kama limelowa. Spidi iwe ndogo, mchanganyiko usizidi theluthi. Ukizidisha tuning inaonekana kama imeyumba, na mpiga kinanda wenu atakuwa wa kwanza kukugeukia.

Halafu dilei. Hapa naomba nikae kidogo maana dilei ndo inafanya gitaa moja lisikike kama mi-solo (gitaa la pili linalosindikiza) na solo wanajibizana. Usiweke muda wa kubahatisha. Chukua 60,000 gawa kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata muda wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 pigo moja ni 500, nusu pigo 250, robo tatu ya pigo 375. Sebene letu kubwa linakimbia kwenye 128, pigo ni kama 469, mi naweka nusu yake, 234, mrudio mmoja tu au miwili, volumu ya mwangwi iwe chini ya noti yenyewe. Ukipiga noti, mwangwi wake unaingia katikati kabla ya noti inayofuata, na mtu aliye chini anasikia magitaa mawili. Jaribu 375 kwenye wimbo wa 120 uone, inakuwa inadunda kwa namna nyingine kabisa, nzuri kwa zile nyimbo za taratibu za kwaya. Ila uwe na drama, yaani mpiga ngoma, anayeshika mwendo, drama akianza kukimbia dilei yako inageuka kelele, hapo kanyaga uizime tu uendelee na maisha.

Mnaona hapo nimeshamaliza nafasi tano. Hakuna tena pa kuweka ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha besi na trebo) wala ZNR ile ya kukata kelele, na hiyo ndo bei ya kidude cha daraja hili. Tena kuna efekti nyingine nzito, ukizipanga pamoja mashine inakuambia nguvu yake ya kufanya hesabu imeisha hata kama nafasi tano hazijajaa. Kwa hiyo unachagua kulingana na ukumbi. Mi nikifika sehemu ya bati na vigae, makanisa mengi yako hivyo, riverbu inatoka, ukumbi wenyewe tayari ni riverbu, pale nafasi yake naweka ikwalaiza nikate yale mabesi ya kati karibu na 200 Hz ambayo yanagombana na gitaa la rithim na besi. Nikiwa nje, uwanjani au kwenye maturubai, riverbu inarudi maana hewa ya wazi inameza sauti yote. Nina memori mbili za sebene zinazofanana kila kitu isipokuwa hicho kimoja, zimekaa jirani ili nikanyage mara moja.

Na programu kwa volumu ya shoo, tafadhali. Sauti uliyoitengeneza chumbani na hedifoni usiku wa manane itakuwa na besi nyingi na mwangwi mwingi, kwa sababu hedifoni zinakubembeleza. Fika ukumbini mapema, mwombe fundi mitambo akufungulie spika, mwambie aweke ikwalaiza ya chaneli yako katikati halafu rekebisha kwenye Zoom. Kama unaingia moja kwa moja kwenye mikisa acha hiyo amp ya kuigiza iwe imewashwa, ukiizima gitaa linalia kama nyuki. Memori ya solo ipandishe kama desibeli 3 juu ya ile ya kusindikiza, inatosha, zaidi ya hapo mwimbaji atakuja kulalamika.

Pedali ya pembeni mi nimeiweka volumu. Wengine wanaweka wah, sawa, ila kwenye dansi volumu inakusaidia kuingia na kutoka polepole mwimbaji akianza ubeti.

Kuhusu umeme. Inataka adapta ya volti 9, miliampia 500, na hasi iko katikati ya ncha. Hizo adapta za mtaani nyingi chanya ndo iko katikati, kwa hiyo soma mchoro mdogo nyuma ya adapta kabla ya kuchomeka, usimwamini muuzaji anayesema "inaingia hiyo". Niliuziwa moja duka fulani, volti sawa, ncha sawa, ila inavuma mmmmm mfululizo mpaka fundi akadhani ni gitaa. Siku hizi sihangaiki, inakula pia umeme kwa waya wa maikro USB, nachomeka pawabenki. Umeme ukikatika katikati ya harusi na jenereta likawa linawashwa, memori yangu iko palepale sijarudi mwanzo. Ikibidi kabisa inakula betri nne za AA.

Waya huohuo wa USB unachomeka kwenye laptop na programu yao ya Guitar Lab. Hii ni ya bure na usiiache, unaongeza efekti ambazo hazikuja nazo na unatoa zile ambazo hutagusa maisha yako yote, na unatunza memori zako kwenye laptop. Kupanga majina na mfuatano wa nyimbo kule ni dakika chache, kwenye nobu nne ndogo za mashine utakesha.

Kitu ambacho sikipendi: ukihama memori moja kwenda nyingine mwangwi wa mwanzo unakatika ghafla, chap. Ukizima dilei ndani ya memori ileile unaweza kuwasha tail mwangwi ukafa wenyewe taratibu, ila kuhama memori hapana. Dawa yake nahama kwenye brek ya ngoma. Na bodi ni plastiki, sio chuma, sasa kama jukwaani kwenu wanenguaji wanapita juu ya vyombo itafutie kibegi na kona yako.

Ukinunua ya mkononi jaribu matundu ya jeki kwa kutikisa waya, kanyaga swichi zote mbili mara nyingi, pandisha pedali mpaka juu uangalie namba kwenye skrini kama inafika mwisho bila kurukaruka. Wa besi msinunue hii, tafuteni B1X Four, umbo ni lilelile ila ndani imepangwa kwa ajili yenu.