Tamthilia za Kihindi kwa Kiswahili: sikukuu zinavyoila hadithi

Natoa nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni ya waigizaji, hasa wanaocheza mama mkwe, maana wengi wao wanaijua kazi yao barabara. Ya pili ni ya sehemu ishirini au thelathini za mwanzo, pale mwandishi anapokuwa bado na jambo la kusema. Nyota tatu nilizozizuia ni za muda wa mtazamaji unaopotezwa, na sikukuu ndizo zinazoupoteza zaidi.

Ninazozungumzia hapa ni tamthilia za kila siku, zile za nyumba moja kubwa yenye ngazi mbili na wakwe kumi na watano, zinazotufikia kwenye ving'amuzi zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili au Kiingereza. Filamu ni habari nyingine.

Tuanze na muda wenyewe. Tamthilia hizi hutengenezwa India kwa nafasi ya nusu saa. Kanuni za huko zinaruhusu dakika 12 za matangazo kwa saa: 10 za biashara na 2 za chaneli kujitangaza. Kwa hiyo nusu saa inabaki na dakika 24 hivi. Toa wimbo wa mwanzo, toa marudio ya yaliyopita, toa kionjo cha kesho, unabaki na kama dakika 20. Sasa neno zito linatamkwa ukumbini, tuseme "Huyu mtoto si wako." Kamera inamrukia kila aliyesimama pale. Wakiwa wanane, na kila uso ukapewa sekunde tatu, hizo ni sekunde 24. Lakini uso huohuo hurudiwa mara tatu, kila mara na ngurumo yake, kwa hiyo ni sekunde 72. Mishtuko miwili ya namna hiyo katika sehemu moja inakula karibu dakika mbili na nusu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Uvutaji huu una sababu yake. Tamthilia ya kila siku huandikwa huku inarekodiwa, na mara nyingi hakuna mwisho uliopangwa tangu mwanzo. Takwimu za watazamaji hutolewa na BARC, taasisi ya India inayopima watazamaji, kila Alhamisi, na takwimu hizo ndizo zinazoamua nani afe, nani apoteze kumbukumbu na nani arudi na sura mpya. Ikipanda, inavutwa. Ikishuka, hadithi inarukishwa miaka mitano, saba au ishirini, watoto wanakuwa wakubwa na mama yao habadiliki hata unywele. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, ya mtayarishaji Ekta Kapoor, ilianza mwaka 2000 na kwenda hadi 2008 ikiwa na sehemu zaidi ya 1,800. Balika Vadhu ndiyo inayoniuma zaidi. Ilianza mwaka 2008 ikizungumzia ndoa za utotoni huko Rajasthan, ikazungumza kwa ujasiri na kwa huruma. Ilipofika mwisho mwaka 2016, ikiwa na sehemu zaidi ya 2,000, ile hoja ya mtoto aliyeozwa ilikuwa imefukiwa chini ya utekaji nyara na ugomvi wa familia. Na India hiyohiyo ilishawahi kufanya vizuri: Hum Log ya Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, mwaka 1984 na 1985, ilikuwa na sehemu 154, ikagusa uzazi wa mpango na hali ya mwanamke nyumbani, ikamaliza, ikaondoka.

Sasa sikukuu. Kuanzia Agosti au Septemba hadi Oktoba au Novemba, kalenda ya Wahindu inajaa: Ganesh Chaturthi, Navratri, Dussehra, Karva Chauth, na Diwali, sikukuu ya taa. Huo pia ndio msimu wa watu kununua dhahabu, nguo, friji na magari, na wenye matangazo wanamwaga fedha. Chaneli inataka kila tamthilia ionekane imevaa sikukuu siku hizo. Mwandishi aliyekuwa katikati ya kesi ya urithi analazimika kuisimamisha kesi, kuwavisha watu wote nguo za kumetameta na kutafuta kisa cha kutokea mbele ya madhabahu. Kisa hicho karibu siku zote ni kimojawapo kati ya vitatu: sumu kwenye peremende, bangi kwenye kinywaji (hiyo husubiri Holi, sikukuu ya rangi ya mwezi Machi), au ncha ya sari inayoshika moto kwenye taa ya udongo.

Karva Chauth ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kwa hali halisi ni siku moja ya mke kufunga kwa ajili ya mumewe. Mke huamka kabla ya alfajiri na kula sargi, ambayo ni daku kabisa: matunda, vitu vitamu, tambi za maziwa, na kwa desturi ya Kipunjabi huandaliwa na mama mkwe. Baada ya hapo hali wala hanywi maji mpaka mwezi utoke. Mwezi ukitoka anautazama kupitia chekeche, anamtazama mumewe kupitia chekeche hilohilo, mume anampa maji ya kwanza, basi. Kwenye tamthilia siku hii huchukua wiki nzima, wakati mwingine zaidi, na mwezi hukataa kutoka mpaka mume apatikane. Jambo hili linakera kwa sababu linageuza elimu inayojulikana na kila mama wa Delhi. Sikukuu hii huangukia siku ya nne baada ya mwezi mpevu, na mwezi wa siku hiyo huchomoza kiasi cha saa mbili baada ya jua kuzama. Delhi huwa ni karibu saa mbili usiku. Magazeti huchapisha saa na dakika kwa kila mji. Hakuna anayekaa kwenye paa tangu saa kumi na mbili akilia na mawingu. Mjamzito na mgonjwa hulegezewa, wengine hunywa maji au maziwa, lakini kwenye tamthilia mgonjwa ndiye anayefungishwa kwa ukali zaidi ili azimie. Kwa mtazamaji anayejifunza desturi za watu kupitia skrini, hilo ni funzo baya.

Harusi nazo zina namba zake. Kwanza hina, kisha manjano, usiku wa nyimbo, msafara wa bwana harusi, kubadilishana mashada ya maua, halafu kuuzunguka moto. Familia nyingi za kaskazini huzunguka mara saba, Wagujarati mara nne. Mizunguko yenyewe ni jambo la dakika. Kwenye tamthilia kila mzunguko unaweza kupata sehemu yake, na ukiona ushungi wa bibi harusi umeshushwa mpaka kidevuni, ujue aliye ndani si yeye. Hila hiyo imetumika mara nyingi mno, na bado ukumbi mzima hupigwa na butwaa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Diwali sina ugomvi nayo, ila nina ugomvi na jinsi inavyouzwa. Ni siku tano. Ya kwanza, Dhanteras, ni ya kununua dhahabu, fedha au chombo cha shaba, na hiyo ndiyo inayopewa matangazo marefu. Moshi hautajwi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamuru fataki za Diwali zipigwe kati ya saa mbili na saa nne usiku tu, na ikataka zitumike zile zinazochafua hewa kidogo, kwa sababu hewa ya Delhi katika majira hayo hufika kiwango cha kuumiza mapafu. Kwenye tamthilia anga ni safi, fataki zinalipuka hadi usiku wa manane, na hakuna hata mtoto mmoja anayeonyeshwa akikohoa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kasoro tatu za ziada ambazo mtazamaji wa Mumbai hazijui.

Moja ni kalenda. Sikukuu hizi zilipangwa zirushwe siku ileile majirani wanawasha taa. Tamthilia ikitufikia baada ya miaka miwili au mitatu, Holi inaangukia Novemba na Diwali inaangukia katikati ya Mfungo. Shamrashamra zote zinabaki bila msimu wake, na matangazo yaliyozifanya ziwepo yameshakatwa. Tunabeba mzigo wa biashara ya watu wengine, na hata hiyo biashara haipo. Juu ya hapo, vituo vingi huunganisha sehemu mbili au tatu za India kujaza saa moja, kwa hiyo marudio ya "yaliyopita" yanakukuta katikati ya kipindi na unatazama tena kofi ulilolitazama dakika kumi zilizopita.

Pili, zinatupotosha kuhusu majirani zetu. Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wana asili ya Gujarat na Kachchh. Sikukuu zao kubwa ni Navratri, na ngoma zake za garba na dandiya kwa usiku tisa, na Diwali, ambayo kwa wafanyabiashara ina ibada ya kubariki vitabu vipya vya hesabu kabla ya mwaka mpya wa Kigujarati. Karva Chauth ni ya kaskazini, Punjab na mikoa ya jirani. Na Wahindi wengine wengi wa kwetu ni Waislamu, Makhoja na Mabohora, na wapo Wagoa Wakatoliki. Ukipita Kisutu, Dar es Salaam, usiku wa Diwali utaona taa za udongo na michoro ya rangi mlangoni, kazi ya mikono na ya kimya, tofauti sana na ukumbi wa tamthilia unaong'aa. Anayemuuliza mama wa Kikhoja kwa nini hakupaka sindura, ile rangi nyekundu ya mke wa Kihindu kwenye njia ya nywele, amepotoshwa na skrini.

Ya tatu ni tafsiri, na hapa ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu Kiswahili kingeweza kuzifanya tamthilia hizi ziwe bora kuliko zilivyo kwa Kiingereza. Kihindi kina jina kwa kila ndugu: chacha ni mdogo wa baba, mama ni kaka wa mama, bua ni dada wa baba, mausi ni dada wa mama. Sisi tunayo yote: baba mdogo, mjomba, shangazi, mama mdogo au mama mkubwa. Lakini inapotafsiriwa kutoka kwenye toleo la Kiingereza, ambako wote hao ni neno moja la kiume na moja la kike, kila mwanamume anakuwa mjomba na kila mwanamke shangazi. Hili linaua hadithi. Kesi ya urithi inamhusu ndugu wa baba, mtu mwenye haki kwenye nyumba ya ukoo. Ukimwita mjomba, mtazamaji anashindwa kuelewa ndugu wa upande wa mama anadai nini pale. Wifi naye huitwa "dada", na chuki yote kati ya mke na dada wa mume inapoteza makali.

Hata maamkizi. Mkwe anapoinama kugusa miguu ya wazee, sauti inasema "habari za asubuhi". Tuna "shikamoo", neno ambalo wengi hulieleza kuwa limetokana na kushika miguu, na jibu lake linatosha kabisa kwenye mdomo wa bibi anayeweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu. Hakuna lugha ambayo ingeingia pale kwa urahisi zaidi. Studio ikimwajiri mtafsiri anayesikia Kihindi, au hata ikimpa mtafsiri jedwali la undugu la ukurasa mmoja kabla ya sehemu ya kwanza, nusu ya makosa haya yanaondoka.

Kwa anayetaka kuendelea kutazama bila kupoteza jioni zake, njia yangu ni hii. Angalia nguo. Sari ileile ikionekana sehemu mbili, hiyo bado ni siku moja ya hadithi. Ikifika ya tatu na kuna maua ya manjano yamening'inizwa mlangoni, ni sikukuu, na utakaa humo wiki. Acha. Rudi siku utakayoona kionjo chenye nguo za kawaida, au subiri marudio ya mwishoni mwa wiki. Kwa kipindi cha saa moja kilichounganishwa, ingia dakika ya tano, na ukisikia wimbo wa marudio katikati, ondoka kwa dakika mbili. Ya muhimu yatasemwa tena jikoni, na mjakazi, kwa sauti kubwa, huku adui akisikiliza nyuma ya pazia.

Ukisikia steringi ameanguka na gari korongoni na mwili haujapatikana, hadithi inakaribia kurukishwa miaka. Mimi huishia hapo. Sehemu zinazofuata huwa na majina yaleyale na nyumba ileile, lakini aliyeianza hadithi hayumo tena ndani yake.